Kabla ya Kutunga Sheria ya Sauti Bandia

Shangazi yangu alikuwa amekwisha kuzitoa fedha kwenye leso na kuziweka juu ya meza ya wakala, pale Ngamiani, Tanga, kijana wa uwakala alipomwomba amsikilizishe tena ule ujumbe wa sauti. Sauti ilikuwa ya mwanawe aliyeko Muscat. Ilisema kwamba amepata matatizo ya karatasi za kazi, simu yake imechukuliwa, anatumia simu ya rafiki, na zinahitajika shilingi 450,000 kabla ya saa kumi jioni, zitumwe kwa mtu aliyeko Dar es Salaam ambaye atajua namna ya kuzifikisha. Neno "mama" lilivutwa vile vile anavyolivuta yeye, na katikati ya sentensi kulikuwa na ule mguno wake mfupi ambao sisi jamaa zake tunaujua tangu akiwa mdogo. Mimi niliyekuwa nimemsindikiza shangazi niliitambua sauti ile mara moja.

Kijana alisikiliza hadi mwisho, akairudisha simu kwa mikono miwili.

"Mama, sauti ni yake sawa, lakini namba si yake. Mpigie kwanza kwa ile namba yake ya siku zote."

Binamu yangu alipokea upesi. Alikuwa kazini, mzima, hana habari ya tatizo lolote.

Fedha zilirudi kwenye leso. Tukiwa njiani kurudi nyumbani shangazi aliniuliza jambo ambalo kwa wiki kadhaa sasa limekataa kuniondoka: "Mwanangu, watu hawa wakikamatwa, watashtakiwa kwa lipi? Kwa sauti?"

Mashine au mtu

Nilianza kwa kudhani kwamba jibu liko kwenye teknolojia. Binamu yangu huweka TikTok video fupi za maisha yake ya Muscat, za sokoni, za pwani, za chakula anachopika Ijumaa, na katika zote anazungumza kwa utulivu akiwa karibu na kinasa sauti. Mwezi Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha programu iliyoweza kuiga sauti ya mtu kwa Kiingereza baada ya kusikilizishwa sekunde tatu tu za maneno yake. Mwenye kutaka sauti ya binamu yangu ana zaidi ya sekunde tatu, na hahitaji kumwomba mtu ruhusa.

Hata hivyo sikuweza kuthibitisha kwamba sauti tuliyoisikia ilitoka kwenye mashine. Huenda aliiiga mtu mwenye kipaji cha kuigiza. Huenda vipande vya maneno yake mwenyewe vilikatwa na kuunganishwa. Ujumbe uliopita WhatsApp umekwisha kubanwa, na ukisambazwa kutoka simu hadi simu unazidi kupoteza zile dalili ndogo ambazo vyombo vya uchunguzi huzitafuta. Vyombo vyenyewe, kwa sehemu kubwa, vimefunzwa kwa sauti za Kiingereza na lugha nyingine chache zenye rekodi nyingi. Ukivipelekea Kiswahili cha Tanga kilichorekodiwa katikati ya kelele za barabarani, jibu litakalorudi si la kumpeleka mtu jela.

Hapo ndipo fikra yangu ilipogeuka.

Ikiwa tutatunga sheria ambayo sharti lake la kwanza ni kuthibitisha kwamba maudhui yametengenezwa na akili mnemba (AI), kesi ya shangazi yangu itakufa kabla haijafika mahakamani. Yeye hakudhurika zaidi wala pungufu kwa sababu ya chombo kilichotumika. Alichofanyiwa ni mtu kujifanya mwanawe ili apate fedha zake, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 imekwisha kukataza mtu kutumia kompyuta ili ajifanye mtu mwingine. Jibu la swali lake, basi, lilikuwepo tangu kabla programu hizi hazijafika mikononi mwa wengi.

Kilichobadilika ni wingi na urahisi. Zamani tapeli aliandika "ile hela tuma kwenye namba hii" na kuusambaza ujumbe huo kwa maelfu ya watu asiowajua, akitumaini kwamba mmoja wao ana mtu anayemdai. Sasa anaweza kumchagua mama mmoja, akamletea sauti ya mwanawe.

Alama, na wanaokubali kuziweka

Nchi nyingi zimeanzia kwenye alama. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyoanza kutumika Agosti 1, 2024 kwa utekelezaji wa awamu, ina kifungu cha 50 kinachowataka watengenezaji wa mifumo hii waweke katika sauti, picha na video alama inayoweza kusomwa na mashine, na kinachomtaka anayesambaza video ya kuiga mtu halisi aseme wazi kwamba ameitengeneza. China imekwenda mbali zaidi: tangu Septemba 1, 2025 maudhui ya namna hii yanatakiwa yawe na alama inayoonekana kwa mtumiaji na nyingine iliyofichwa ndani ya faili. Makampuni nayo yana juhudi zao, kama mfumo wa C2PA ulioanzishwa 2021, ambao huambatanisha na picha kumbukumbu ya mahali ilipotoka na mabadiliko iliyofanyiwa, au SynthID ya Google, inayopenyeza alama ndani ya picha au sauti yenyewe.

Nimesoma juu ya juhudi hizi kwa heshima, kwa sababu zimefanywa na watu wanaoijua kazi yao. Lakini kila niliposoma nilijaribu kuifuata alama ikielekea kwenye simu ya shangazi yangu, na kila mara ilipotea njiani. Kumbukumbu iliyoambatanishwa na picha huondolewa pindi picha ile inapotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp. Sauti inayochezwa kwenye simu moja na kurekodiwa kwa nyingine hubaki bila karatasi yake ya asili. Zaidi ya hayo, programu nyingi za kuiga sauti ziko wazi kwa yeyote kuzipakua, kuzibadilisha na kuziendesha nyumbani, na mwenye nia ya kuiba hatakumbuka kuweka alama. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliyochapisha Novemba 2024 ripoti ndefu kuhusu kupunguza hatari za maudhui haya, ilipitia mbinu hizi zote moja baada ya nyingine na kukiri kwamba hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Kwa maoni yangu alama ina kazi, ila si ile inayotajwa zaidi. Ni chombo cha mtu anayetaka kuaminiwa: chumba cha habari, tume ya uchaguzi, hospitali inayotangaza chanjo. Inawasaidia hao kusema "hii ni yetu". Kumnasa mwongo ni kazi nyingine, na tukiipa alama kazi hiyo tutawafundisha watu kwamba kisicho na alama ni cha kweli, jambo ambalo ni hatari kuliko kutokuwa na alama kabisa.

Video ya Libreville

Kuna kisa cha Gabon ambacho kila ninapokitafakari hunitia hofu kuliko visa vya wizi.

Oktoba 2018 Rais Ali Bongo aliugua akiwa Saudi Arabia. Kwa wiki nyingi wananchi hawakuelezwa kwa ukamilifu alikuwa na hali gani. Taarifa zilitoka kidogo kidogo, zikipingana, na uvumi kwamba amefariki ukaenea. Mwaka mpya ulipoingia ilitolewa video yake akilihutubia taifa. Uso ulionekana mgumu, macho hayakupepesa kwa namna ya kawaida, mkono mmoja haukusogea. Wapinzani wakasema video ile ni bandia. Januari 7, 2019 kikundi cha wanajeshi kiliteka kituo cha redio mjini Libreville na kutangaza kwamba kimechukua madaraka, kikisema hotuba ile imezidisha mashaka juu ya uwezo wa rais wa kuongoza. Jaribio hilo lilizimwa ndani ya saa chache, na watu walikufa.

Wataalamu walioichunguza video ile hawakupata ushahidi kwamba ilitengenezwa na mashine. Ilionyesha, kwa uwezekano mkubwa, mtu aliyepata kiharusi.

Wanasheria wawili wa Marekani, Robert Chesney na Danielle Citron, waliandika kuhusu faida anayoipata mwongo pale umma unapojua kwamba kila kitu kinaweza kughushiwa: akinaswa kwa ushahidi wa kweli, anasema ni bandia, na watu wa kutosha wanamwamini. Kisa cha Gabon kinaonyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mtu mgonjwa anatokea kwa sura yake halisi, naye pia haaminiwi, kwa kuwa wale waliotakiwa kusema ukweli mapema walinyamaza. Hapakuwa na programu ya kulaumiwa. Palikuwa na ofisi iliyoficha habari kwa miezi miwili, na shaka ikajaa mahali ambapo habari ilipaswa kuwa.

Hakuna sheria ya kupiga marufuku maudhui bandia ambayo ingeisaidia Gabon Januari ile. Sheria ya kuilazimisha serikali itoe taarifa ingesaidia.

Waliotoa njia

Januari 21, 2024, siku mbili kabla ya uchaguzi wa mchujo katika jimbo la New Hampshire, Marekani, maelfu ya wapiga kura walipigiwa simu wakasikia sauti ya Rais Joe Biden ikiwashauri wasiende kupiga kura Jumanne ile, watunze kura zao hadi Novemba. Sauti ilikuwa ya kughushi. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ilikadiria kwamba simu hizo zilikuwa kati ya 5,000 na 25,000.

Kilichonivutia ni mwendo wa sheria baada ya hapo. Tume ya mawasiliano ya nchi ile, FCC, haikusubiri sheria mpya. Februari 8, 2024 ilitamka kwamba sauti iliyotengenezwa na akili mnemba ni "sauti ya bandia" kwa maana ya sheria ya mwaka 1991 iliyotungwa kuzuia kero ya simu zinazopigwa na mashine, kwa hiyo kumpigia mtu kwa sauti hiyo bila ridhaa yake ni kosa. Mshauri wa siasa aliyeagiza kazi ile, Steve Kramer, alitozwa faini ya dola milioni 6. Katika kesi ya jinai ya jimbo, baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru Juni 2025. Maana yake ni kwamba hata pale mhusika alipojulikana kwa jina na kukiri hadharani kwamba yeye ndiye aliyeagiza, njia ya jinai haikufika mwisho.

Njia iliyofika ni ile ya wasafirishaji. Lingo Telecom, kampuni iliyozipitisha simu hizo kwenye mtandao, ilikuwa imezithibitisha kwa daraja la juu kabisa la uhakika kwamba namba iliyoonekana ni halali ya mpigaji, bila kufanya uchunguzi uliotakiwa. Ilikubali kulipa dola milioni 1 na kufuata masharti makali zaidi ya kumjua mteja wake. Kampuni hiyo haikutengeneza sauti na wala haikumjua Biden wa bandia. Wajibu wake ulikuwa mlangoni, na mlangoni ndiko ilikowajibishwa.

Niliposoma hayo nilielewa kwa nini yule kijana wa uwakala alinigusa kiasi kile. Hakujaribu kupima kama sauti ni ya kweli. Alitazama namba. Alipomshauri mama apige simu kwanza, alijinyima kamisheni ya muamala ule, na hapana kanuni yoyote iliyomlazimisha au iliyomlipa kwa uangalifu wake. Usalama wa akiba ya shangazi yangu ulitegemea tabia njema ya mtu mmoja.

Rungu

Lazima niseme kwa nini, pamoja na hayo yote, sipigi kelele kutaka sheria kali dhidi ya "maudhui bandia".

Mwishoni mwa mwaka 2024, nchini Kenya, vijana kadhaa walitekwa baada ya kusambaza mitandaoni picha za kumkejeli rais, nyingine kati yake zikiwa zimetengenezwa kwa akili mnemba. Baadhi yao waliachiwa mwanzoni mwa Januari 2025 baada ya maandamano na shinikizo la mahakama. Picha zile zilikuwa za kuchukiza kwa wengi, na ninaelewa kwa nini. Lakini hakuna aliyezitazama akadhani ni kweli. Ilikuwa kejeli ya kisiasa, kama katuni, iliyochorwa kwa chombo kipya.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandao, ilipotungwa, iliweka adhabu ya hadi miaka 10 jela kwa kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuzusha taharuki. Kifungu cha 16 cha sheria ya Tanzania ya 2015 nacho kinahusu habari za uongo. Vifungu vya namna hii vinampa mwenye madaraka kazi ya kuamua kipi ni uongo, na mara nyingi uongo anaouona kwanza ni ule unaomhusu yeye. Sasa tukiviongezea maneno "akili mnemba", tutakuwa tumempa rungu jipya mtu aliyekwisha kuwa na la zamani, na tapeli wa Ngamiani hataguswa.

Kwa hiyo ninaamini sheria inapaswa kufungwa kwenye madhara, tena madhara yanayotajwa kwa jina: kumwiga mtu ili kuiba, kudanganya wapiga kura kuhusu siku, mahali na namna ya kupiga kura, na kutengeneza picha za utupu za mtu asiyeridhia.

Hili la mwisho linahitaji zaidi ya sentensi moja, kwa kuwa ndilo linaloumiza watu wengi kwa kimya. Programu za kumvua mtu nguo kwenye picha hazihitaji ujuzi wowote. Picha ya mahafali au ya harusi inatosha. Wanaolengwa zaidi ni wanawake na wasichana, na mwanamke anayegombea udiwani au anayesoma habari kwenye televisheni anajua kwamba siku moja inaweza kuwa zamu yake. Korea Kusini, baada ya kufichuka Agosti 2024 kwa makundi ya Telegram yaliyokuwa yakibadilishana picha za namna hii, hata za wanafunzi, ilifanya kuzimiliki na kuzitazama kuwe kosa. Marekani, kwa sheria iliyosainiwa Mei 19, 2025, imeyapa majukwaa saa 48 kuziondoa tangu mwathirika anapotoa taarifa. Sheria zetu za Afrika Mashariki zinakataza picha za ngono, lakini kwa kiasi kikubwa zinaupima uchafu wa picha na heshima ya jamii, ilhali swali linalopaswa kuulizwa kwanza ni kama mwenye mwili ule aliridhia. Sheria isiyouliza hivyo inaweza kumgeukia mwathirika mwenyewe, akaambiwa aeleze kwa nini picha yake iko mitandaoni.

Hapo ningependa sheria iwe kali, na iwe na saa zinazohesabika.

Mlangoni

Katika mambo ya fedha, milango yetu inajulikana. Namba aliyotakiwa kutumia shangazi ilisajiliwa kwa alama za vidole vya mtu fulani, kwa kuwa tangu 2020 laini isiyosajiliwa hivyo hufungwa. Lakini sote tunazijua hadithi za wasajili wa barabarani wanaomwambia mteja "bonyeza tena, haijasoma", na kidole cha pili kikasajili laini ambayo mwenye kidole hataiona kamwe. Ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na wapo waliopiga wakakuta namba wasizozijua. Laini hizo ndizo zinazozipokea fedha za sauti bandia. Ukizikata hizo, tapeli anabaki na sauti nzuri isiyo na mahali pa kupokelea.

Ningetaka mamlaka ziwawajibishe makampuni ya simu kwa laini zilizosajiliwa kwa hila, na ziwatake waucheleweshe kwa muda mfupi muamala mkubwa unaokwenda kwa namba ambayo mtumaji hajawahi kuitumia. Najua gharama yake. Kuna mgonjwa wa kweli atakayecheleweshewa fedha za kweli, na kuna mfanyabiashara wa Kariakoo atakayelalamika, naye atakuwa na haki. Ndiyo maana ucheleweshaji uwe mfupi, uwe kwa kiasi kikubwa tu, na mtumaji aweze kuuondoa baada ya kuonywa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa kitapeli nayo ina manufaa, lakini kuripoti kungekuwa na nguvu zaidi kama anayeripoti angejua kilichotokea baadaye.

Kwa upande wa wanaouza huduma za kuiga sauti, sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data imekwisha kuitaja utambuzi wa sauti miongoni mwa taarifa za kibayometria, pamoja na alama za vidole na hata umbo la ndewe la sikio. Kutoka hapo hadi kusema kwamba hakuna kampuni inayoruhusiwa kutengeneza nakala ya sauti ya mtu bila ridhaa yake iliyothibitishwa si mbali. Haitawazuia wanaotumia programu za nyumbani. Itawazuia wengi ambao leo wanahitaji akaunti na kadi ya benki tu.

Asili iliyo wazi

Agosti 10, 2027 Kenya itapiga kura, na sina shaka kwamba wiki ile zitasikika sauti za wagombea wakisema wasiyoyasema. Tayari tumeona mifano kwingine. Nchini Slovakia, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Septemba 30, 2023, ilisambazwa sauti ya kiongozi wa chama kimoja akipanga eti kununua kura, wakati ambapo sheria ya ukimya wa kampeni iliwabana waliotaka kuikanusha.

Lakini Kenya ina kitu ambacho kinafaa kutazamwa na wote wanaoandika sera juu ya jambo hili. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake, wazi kwa mtu yeyote, picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kura za urais, kutoka vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Mtu aliyeletewa fomu kwenye WhatsApp aliweza kuifungua ya tume na kuzilinganisha, mstari kwa mstari, hadi saini za mawakala wa vyama. Mabishano hayakuisha, na kesi ilifika Mahakama ya Juu, lakini yalikuwa na kitu cha kushikwa mkononi. Fomu za kughushi zilizokuwa zikizunguka zilikuwa na asili ya kulinganishwa nayo.

Hilo halikuhitaji kifungu chochote kuhusu akili mnemba, na tume ya Tanzania, ya Uganda au ya Kongo inaweza kulifanya bila kumfunga mtu yeyote.